Kikapu Changu Kizuri na Maharagwe ya Gatina

Ting'.

Mpaka leo naisikia, na wala haikuwa sauti kubwa, ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati kikianguka kwenye sahani ya bati, lakini ukumbi mzima wa kanisa kule Gatina ulikuwa umenyamaza ukingoja, kwa hivyo hiyo ting' ikatembea kutoka meza ya mbele mpaka viti vya nyuma, ikageuka, ikarudi, ikanikuta nimesimama na mwiko mkononi. Kilichoanguka ni haragwe moja. Lilikuwa limetoka kinywani mwa Mama Njoki, mwenye ploti tatu za kupangisha na sauti kubwa kanisani, mtu ambaye jibu lake ndilo sote tulikuwa tumelifuata Kawangware asubuhi hiyo. Na aliyepika maharagwe hayo ni mimi.

Nawaambia ukweli, mpaka sasa nikipita mahali panauzwa maharagwe uso unapata moto. Lakini marafiki zangu wamenicheka vya kutosha kwa hadithi za kusikia (kuna mmoja anasema Mama Njoki alivunjika jino, si kweli, jino lilitikisika tu), kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi naitwa Adhiambo, Adhis kwa kila mtu hapa mtaani kwetu Kianda, Nairobi. Nasuka nywele. Shule nilifika kidato cha pili, nikatoka, lakini kuota sikuwahi kutoka. Si ndoto za usingizini, hapana, mimi naota nikiwa macho, mikono iko kwenye kichwa cha mteja na mimi mwenyewe niko mbali, niko kwenye nyumba yenye madirisha ya pande zote na upepo unaingia ukitoka kama mgeni aliyezoea. Wateja wananijua. Wananigusa goti: "Adhis, rudi, umeniruka laini moja."

Sasa, kulikuwa na mradi uliokuja mtaani ukiitwa Maabara Hai. Aliyeuleta ni Mwende, mtafiti kutoka chuo kikuu, msichana wa umri wangu tu lakini mwenye miwani na subira. Alituketisha akatueleza kwamba zamani watafiti walikuwa wanajifungia chuoni, wanavumbua kitu, halafu wanatuletea, na sisi tunakipokea kwa makofi, tunakisukuma chini ya kitanda. Akasema siku hizi utafiti umegeuka. Sasa maabara ni mtaa wenyewe, ni jikoni kwako, ni vile unaishi, na mtu anayetumia kitu ndiye anakivumbua pamoja na waliokitengeneza. Mimi niliposikia hivyo nilihisi kitu kimepanda kifuani. Yaani jikoni kwangu, pale pembeni ya kitanda, ni maabara! Nilitembea hadi nyumbani polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Kitu chenyewe kilikuwa kikapu cha joto. Kilishonwa na akina mama wa karakana moja hapa hapa Kianda. Kazi yake ni hii: unachemsha chakula muda mfupi tu kwenye moto, unatoa sufuria ikiwa bado inatokota, unaitumbukiza kikapuni katikati ya mito iliyojazwa vipande vya sponji, unafunika, na chakula kinaendelea kujipikia chenyewe bila makaa, bila gesi, bila moshi. Nyumba kumi na mbili zilipewa, yangu ikiwa moja, na jirani yangu Mama Brayo akapewa pia. Kila jioni unaandika kwenye daftari: umepika nini, dakika ngapi, nini kimeharibika. "Hasa kilichoharibika," Mwende alisisitiza. "Kikiwakosea, hiyo ndiyo habari tunaitafuta."

Shida ni kwamba kikapu changu kilikuwa kizuri.

Si kizuri hivi hivi. Kitenge chake kilikuwa cha samawati chenye ndege wa manjano, na ndege hao walikuwa wanaruka kuzunguka kikapu chote mpaka wa mwisho anagusa mkia wa wa kwanza. Nilikiweka juu ya kabati la vyombo, nikasimama mlangoni kukitazama, na chumba kikawa kama kimefunguliwa dirisha ambalo mwenye nyumba hakuliweka. Nikachukua kile kitambaa cheupe cha kufuma alichonitumia mamangu kutoka nyumbani, nikakifunika juu. Wageni wakiingia wanauliza, "Na hii ni nini, Adhis? Woi, imekaa vipoa!" Sasa niambieni nyinyi, mtu atoe sufuria nyeusi ya masizi, aitumbukize kati ya ndege kama hao?

Kwa hivyo siku ya kwanza niliandika kwenye daftari: *Leo sijatumia.* Siku ya pili: *Leo sijatumia.* Siku ya tatu Mwende akapita, akasoma, akatabasamu ile tabasamu ya mtu aliyealikwa mahali halafu akakosa kiti. "Ni sawa, Adhis," akasema. "Ukiwa tayari." Akaenda zake na jua lile lote, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi la kuzunguka nyumba za watu. Roho ikaniuma. Hapo ndipo niliamua jambo dogo, dogo sana, la kumfurahisha tu. Jioni nikaketi kitandani nikaandika:

*Leo nimepika maharagwe. Nimeyachemsha dakika kumi, nikayalaza kikapuni kama mtoto mgongoni, nikaenda kusuka. Masaa mawili baadaye nikafunua. Yalikuwa yamelainika kama wingu.*

Maharagwe yenyewe niliyokula siku hiyo nilikuwa nimeyanunua yameshachemshwa, kwa mama wa kona, kikombe kimoja, kama kila mtu wa ploti yetu. (Huku kwetu ni nani anachemsha maharagwe makavu nyumbani? Utamaliza gunia la makaa na bado yanakuangalia tu.) Yaani mimi, miaka yangu yote Nairobi, sikuwa nimewahi kuchemsha maharagwe makavu hata kijiko. Hizo dakika kumi nilizitoa hewani. Hayo masaa mawili ni muda wa kusuka laini za kawaida.

Mwende aliposoma alirudia, "Kama wingu," polepole, kama mtu anayeonja. Akaomba aipige picha ile karatasi. Basi, ingekuwa nyinyi mngeacha? Mimi sikuacha. Niliendelea wiki baada ya wiki, na nawaambia nilikula vizuri kwenye lile daftari. Nilipika githeri iliyonong'ona. Nilipika wali uliosimama punje kwa punje kama watoto kwenye gwaride. Nilipika hata pilau ya harusi yangu na mtu ambaye hajaniposa. Huku ndani kwangu kikapu kimetulia juu ya kabati na kitambaa chake, na mimi nakula chipsi.

Mama Brayo naye alikuwa anaandika kama mtu anayeshtaki. Yeye huuza mandazi, hana wakati wa mchezo. Nilisoma daftari lake siku moja akiwa amenyoosha mguu akipumzika: *Mfuniko umelegea. Ugali umetoa jasho. Mto umenuka kitunguu siku nne. Maharagwe bila kuloweka ni bure.* Nikamwambia, "Mama Brayo, si utaumiza roho za watu? Weka hata neno tamu moja." Akanitazama. "Si wamesema tuandike kile kimeharibika? Ama mimi ndio sijui kusoma?"

Sasa ikafika ile siku Mwende alikuja anatembea haraka. Akaketi kwenye stuli ya wateja, akashika mkono wangu. Mradi unavuka, unaenda Gatina, kule Kawangware, kwenye zile nyumba za ghorofa ambako watu wanapika koridoni na moshi unapanda ngazi pamoja nao. Mwenye ploti mmoja, Mama Njoki, amekubali kutazama, na akikubali yeye wengine watafuata. Na wanatafuta mratibu wa Gatina. "Lakini si mtu wa chuo," Mwende akasema. "Siku hizi tunataka anayeongoza majaribio awe mtu wa zile nyumba zilizojaribu. Nimewaambia ni wewe. Profesa wangu anataka tu kukuona ukipika mbele ya watu, basi, kazi ni yako."

Kazi. Meza kwenye kona ya ofisi ya kanisa. Kadi ya jina shingoni. Kuingia nyumba moja hadi nyingine, kuketi, kuuliza watu vile wanaishi na kuandika. Jamani, kama kuna kazi iliumbwa ikaachwa mahali inaningoja, ni hiyo! Jioni hiyo nilijikata kikadi kutoka kwenye boksi la sabuni, nikaandika ADHIAMBO, MRATIBU, nikakining'iniza kwa uzi wa kusukia, nikatembea nacho kutoka kitandani hadi mlangoni. Hatua nne. Nikarudi. Nilikuwa Gatina tayari, mwaka mzima ulikuwa umepita, watoto wa pale walikuwa wananiita kwa jina.

Ningesema ukweli siku hiyo. Najua. Badala yake nikanunua maharagwe makavu, nikawaza, basi nitafanya tu vile nimeandika.

Asubuhi ya kwenda, Mama Brayo alinikuta nje nafunga kamba mzigo.

"Niaje mratibu. Umeloweka maharagwe?"

"Kuloweka?" Neno hilo nilikuwa nimelisoma kwenye daftari lake, likanipita.

"Si uloweke usiku kucha. Ama yako inajiloweka?"

Sasa hapo Mungu alikuwa amenifungulia mlango mpana kabisa, na jina la mlango lilikuwa Mama Brayo, amesimama na leso kiunoni, mikono ina unga. Lakini nikimuuliza zaidi atajua sijawahi kutumia kikapu hata siku moja. Nikacheka kicheko cha mtaalamu. "Ah, Mama Brayo, hiyo ni mtindo wako. Mimi niko na mtindo wangu."

"Haya," akasema. "Tutakula mtindo." Naye akapanda bodaboda yake, kwa sababu nyumba zote kumi na mbili zilikuwa zimealikwa.

Ukumbi ulijaa. Mbele waliketi wenye ploti, Mama Njoki katikati na koti lake la kijani na kitambaa kichwani, nyuma wapangaji na vijana wa mtaa, pembeni akina mama wa karakana walioshona vikapu, wamevaa nguo zao za Jumapili. Kwenye kila kiti kulikuwa na karatasi ya maelezo. Nikachukua moja nisome. *Chemsha dakika kumi. Laza kikapuni. Nenda ukafanye mambo yako. Masaa mawili baadaye, maharagwe laini kama wingu.* Yalikuwa maneno yangu! Yamepigwa chapa, na picha ya ndege wa manjano juu. Kwa muda nilisahau kila kitu kingine, nikayasoma mara mbili, kwa raha, Mungu anisamehe.

Nikawasha jiko. Nikachemsha maharagwe, dakika kumi kamili, profesa mwenyewe akitazama saa (mama mfupi mwenye sauti ya upole na daftari dogo jekundu). Nikashika mfuniko wa kikapu nifungue.

Haukufunguka.

Nikavuta. Nikaegemeza goti. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Nikavuta na mikono miwili mpaka kikapu kikanyanyuka nao, tukazunguka pamoja kama tunacheza densi, na sufuria iko pembeni inapoa. Mama Brayo akanyoosha shingo kutoka kiti cha pili, akanena kwa sauti ambayo yeye aliona ni ya chini: "Si ukate uzi, Adhis."

Kumbe vikapu vyote vilitoka karakanani vimeshonwa mfuniko kwa uzi mwekundu, ili mito isianguke njiani. Kila mtu alikata wake siku ya kwanza. Wangu ulikuwepo, mzima, mwekundu, unang'aa kama ulishonwa jana.

"Ah, huu," nikasema, "niliushona mimi. Kwa ajili ya safari." Na nikatabasamu. Nikaona Mwende ametazama ule uzi, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Akina mama wa karakana wakatazamana, maana fundi anajua mshono wake. Mtu akaleta wembe, uzi ukakatwa, sufuria ikaingia.

Masaa mawili ni marefu kuliko mnavyofikiri. Profesa alisimama akaeleza mambo ya utafiti, vile dunia nzima sasa watu wanasoma maabara hai, vile wanaanza kuelewa kwamba uvumbuzi hauharibiki karakanani, unaharibika pale mtu anapoogopa kusema ukweli kwa aliyemletea. Nilihisi ananiongelea mimi, lakini alikuwa hata hanitazami. Mama Njoki akainua mkono: "Hii maabara mnasema, mtatoa watu damu?" Ukumbi ukacheka. Profesa akamjibu vizuri, hapana mama, ni kupika tu. "Basi mpike," akasema Mama Njoki. "Mimi sikunywa chai nyumbani."

Mimi nilikuwa nimeketi karibu na kikapu, mkono juu ya ndege, nikiyaombea maharagwe. Nilijifanya nayaona ndani ya giza lile, yanavimba taratibu, yanafungua maganda, yanasema ngoja kidogo Adhis, tunakuja. Niliamini kabisa. Hiyo ndiyo taabu ya mtu kama mimi, nikiota sana naanza kushukuru.

Wakati ukafika. Nikafunua, mvuke ukatoka mzuri, watu wakasema "Aaa!" na mimi nikasema "Aaa!" pamoja nao. Nikapakua sahani ya kwanza, nikampelekea Mama Njoki kwa mikono miwili. Akaweka kijiko kizima kinywani. Akafunga mdomo. Akasimamisha taya.

Ting'.

"Ngai!" akasema, ameshika shavu. "Msichana wangu. Hii ni maharagwe ama ni kokoto?"

Kijana mmoja nyuma kabisa alikuwa na ile karatasi. Akasimama, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Laini kama wingu!" Na mwenzake hapo hapo, kana kwamba walikuwa wamefanya mazoezi: "Wingu ya mvua ya mawe!"

Nawaambia huo ukumbi ulianguka. Watu walishikana. Kuna mzee alikuwa anapiga meza kwa ngumi. Mwanamke mmoja akaja na sahani, akachukua maharagwe mawili, akayatikisa mkononi kama kete, na kila mtu akayasikia. Mimi nilikuwa bado nimesimama na mwiko, natabasamu, sijui kwa nini, meno yalikataa tu kuingia ndani.

Halafu kicheko kikageuka. Mwenye ploti mwingine akasema, "Basi hii kitu ni ya uongo. Ndio maana mimi nasema kila siku, hawa watu wa miradi." Mama Njoki akaweka sahani chini, akaanza kutafuta mkoba wake. Mwende akasimama haraka, akasema samahani sana wazazi wetu, inaonekana hiki kikapu kina hitilafu, tutakirudisha karakanani. Na pale pembeni niliwaona akina mama wa karakana. Mmoja, aliyeshona ndege wangu, alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la nguo yake ya Jumapili.

Ningenyamaza, kadi ya jina ingebaki yangu. Kikapu kingelaumiwa, wangeshona kingine, na mimi ningeitwa tena. Niliiona hiyo njia wazi, imenyooka mbele yangu na lami yake. Lakini yule mama aliendelea kukunja lile pindo.

"Kikapu hakina makosa," nikasema.

Hawakunisikia. Nikapiga mwiko kwenye sufuria.

"Kikapu hakina makosa! Mimi sijawahi kukitumia."

"Leo?" akauliza Mwende.

"Siku yoyote."

"Hata siku moja?"

"Hata moja. Hata maharagwe makavu sijui kuchemsha. Mimi hununua ya kona."

"Na yale yote uliandika?"

"Nilikuwa naota."

Profesa ndiye aliyeuliza, kwa upole, kalamu juu ya daftari jekundu: "Kwa nini hukukitumia, mama?"

Na mimi, mbele ya wenye ploti, wapangaji, vijana, na msalaba wa ukutani, nikasema ukweli wa kwanza kuutoa kwa miezi: "Kilikuwa kizuri mno. Niliogopa kukichafua."

Sasa hapo walicheka tena, lakini kicheko kingine. Mama Njoki akaacha mkoba. Akanitazama kwa muda mrefu, shavu bado mkononi. "Hakuna mtu alikuambia ni chombo ya jikoni?" Nikasema niliambiwa. "Ukaifunika na kitambaa." Nikasema ndiyo, ya kufuma. Akatikisa kichwa, akageukia ukumbi: "Huyu si mwongo. Huyu ni mjinga tu wa kawaida, kama sisi." Kisha akamuuliza Mwende, "Kuna mtu hapa amepika na hii kitu kweli kweli?"

Mama Brayo alikuwa ameshasimama.

Alizungumza dakika tano, bila neno tamu hata moja. Akasema mfuniko unalegea, mto unashika harufu, ugali usijaribu. Akasema maharagwe yalowekwe usiku, yachemke nusu saa kamili, yakae kikapuni kutoka unapoenda kuuza mpaka unaporudi. Akasema tangu apate kikapu gunia lake la makaa linakaa mara mbili ya zamani, na macho yake yameacha kuwasha. Watu walikuwa wanageuza zile karatasi zenye maneno yangu na kuandika ya Mama Brayo kwa nyuma. Mama Njoki akamwambia arudi wiki ijayo na maharagwe yake, yaliyolowekwa, na yeye atakuja na meno yake. (Alirudi. Mama Njoki alikula sahani mbili, akachukua vikapu sita kwa ploti ya kwanza.)

Mwende alinikuta nje nasugua sufuria kwenye bomba. Alichutama karibu nami.

"Ile ya wingu," akasema, "niliisomea wenzangu kwenye mkutano. Nilitokwa na machozi, Adhis."

"Nisamehe."

"Mama Brayo aliandika kuhusu kuloweka. Mara tatu. Nilipitia haraka haraka, nikakimbilia daftari lako." Akavua miwani, akaipangusa na kona ya blauzi. "Hilo ni langu. Lakini kazi siwezi kukupa."

"Najua."

"Nilitaka sana iwe yako."

"Hata mimi," nikasema, na tukacheka kidogo, halafu yeye akaingia ndani na mimi nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata kitambo.

Kazi ilienda kwa Mama Brayo, na ni haki. Siku aliyoletewa kadi ya jina alikuja kwangu kwanza, mchana, kabla hata ya kumwonyesha mumewe, akasimama mlangoni ameinua kidevu. "Imekaa sawa?" Ilikuwa imepinda. Nikainyoosha, nikaupunguza ule mkanda kidogo nyuma ya shingo, nikamsukia vizuri nywele za mbele zilizokuwa zimetoka. "Imekaa," nikamwambia. Akanifinya shavu. "Usilie, bwana. Nitakuwa nakuletea za Gatina." Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikampungia mkono mpaka bodaboda ikapinda kona.

Nimeapa mbele ya Mungu kwamba sitaandika tena chakula ambacho sijala, wala kumpa mtu neno tamu mahali alipoomba la kweli. Kuota sijaapa kuacha, maana hapo ningekuwa nadanganya tena.

Nilirudi ndani, nikafunga mlango. Ilikuwa kama saa tisa mchana, jua linaingia kwa ufa wa mabati na kulala juu ya kitanda. Godoro langu nililinunua mwaka uliopita, na mpaka siku hiyo nilikuwa nalalia juu ya nailoni yake ya dukani, ili libaki jipya, usiku kucha natoa jasho na kuteleza. Nikavua shuka. Nikachukua wembe wa kusukia, nikapasua ile nailoni kutoka kichwani hadi miguuni, nikaivuta yote, nikaikunja, nikaiweka nje ya mlango. Kisha nikapanda nikajilaza, na shavu langu likagusa kitambaa kwa mara ya kwanza.